Bomba la Ngazini

Jumatatu, 3 Juni
Mvua zimekatika na msimu wa wageni umefunguliwa rasmi, maana yake kaka amenunua shati jipya na mimi nimenunua katoni nzima ya sabuni za mche. Hapo ndipo utajua nani meneja na nani mfuaji. Jina hilo la Meneja alipewa na Mama kwa utani, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mpango ni uleule wa mwaka jana, Siku Tatu za Utamaduni Kisiwani. Siku ya kwanza mgeni anashuka kwenye boti, anapewa juisi na kuonyeshwa chumba. Siku ya pili kaka anamzungusha vichochoroni kuangalia kuta za zamani mpaka miguu iwake moto. Siku ya tatu anakaa uani na Mama, Mama anasimulia mambo ya kale, kaka anatafsiri, kisha mgeni anarudi kwenye boti amejaa utamaduni pomoni. Mimi navua mashuka, nafua, naanika, natandika. Wanakuja wengine.

Nyumba ni yetu tangu babu. Ina ghorofa mbili, na ngazi zake za mawe zimesimama wima kana kwamba zilijengwa kwa ajili ya mbuzi. Wageni wanalala ghorofa ya kwanza, Mama analala juu kabisa na hataki kuhama, anasema juu ndiko kuna hewa. Nyonga yake ya kushoto iliharibika zamani, lakini kila alfajiri anashuka mwenyewe kwa kushika bomba. Bomba hilo alilifunga marehemu baba, mwaka niliozaliwa mimi. Alikuwa fundi bomba, basi akafunga kile alichokijua, bomba la maji la chuma, akalipaka rangi ya kijani. Alilipima kwa urefu wa Mama, na Mama ni mfupi, kwa hiyo sisi wengine tukilishika tunainama kama tunaokota kitu. Mama akishuka pete yake inaligonga, ti, ti, ti, hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo saa yangu ya kuamkia.

Ijumaa, 7 Juni
Wageni wa kwanza wamefika. Mmoja ana mzio wa vumbi. Nyumba hii yote ni vumbi.

Jumapili, 9 Juni
Mgeni alimuuliza Mama zamani watu walikuwa wanakula nini. Mama akajibu, "Chakula." Kaka akatafsiri kwa dakika nzima, na wageni wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nilikimbilia jikoni kucheka.

Jumatano, 12 Juni
Leo amekuja Wakala, yule mama anayetuletea wageni kutoka ng'ambo. Anasema ofisi yao imeanzisha kibao cha shaba, "Nyumba ya Asili", kitakachopigiliwa mlangoni. Wenye kibao watapata wageni mpaka mvua zirudi. Wasio nacho, wageni wao watapelekwa kwenye hoteli mpya ya ufukweni.

Kisha akazunguka nyumba nzima akinyoosha kidole. Televisheni ifichwe. Friji lifunikwe. Viti vya plastiki vya uani viondoke. "Mgeni hakuvuka bahari kuja kukalia kiti cha plastiki," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amekikalia.

Mama akauliza, "Na mimi nifunikwe?"

"Hapana, Bibi," Wakala akamjibu bila kucheka. "Wewe ndiye kivutio."

Alhamisi, 13 Juni
Viti vya plastiki viko paani. Mama amekalia kigoda, nyonga inamuuma, anasema haimuumi. Friji limevikwa shuka langu zuri.

Jumanne, 18 Juni
Kamba ya kuanikia imekatika na mashuka yote, masafi, meupe, yakaanguka kwenye vumbi la paani. Nilikaa chini nikalia. Mtu mzima, nikalia kwa ajili ya mashuka. Kaka alipanda akanikuta, akasimama kidogo mlangoni, akashuka bila neno. Nilimwona mtu mbaya sana kwa kushuka vile.

Ijumaa, 21 Juni
Kaka ameleta kasha la kale. Limetengenezwa na seremala wa mtaa wa pili, akalisugua kwa msasa na majani ya chai mpaka likazeeka. Bado linanuka vanishi. Mgeni akapapasa mfuniko wake, akauliza limekuwa humu tangu lini. Kaka akasema ni la siku nyingi. Mama, aliyeelewa swali kwa kuutazama mkono wa mgeni tu, akasema, "Tangu jana." Kaka hakutafsiri.

Nyumba hii inazeeka kila wiki. Tukiendelea hivi, ifikapo Septemba tutakuwa tunawasha moto kwa mawe.

Jumatano, 26 Juni
Wakala tena, safari hii na kamera. Kasha limempendeza. Alipokuwa anapanda ngazi akaligonga bomba kwa goti, akalitazama kana kwamba ni bomba lililomfuata yeye. "Hili nalo? Linaharibu picha. Chuma, rangi ya kijani, tena liko chini hivi. Halina maana."

Nilimwambia lina maana, ni la Mama.

"Kamba," akamwambia kaka, mimi akanipita. "Kamba nene ya katani, kama zamani."

Kaka akaitikia. Nilidhani anaitikia ili aondoke.

Jumamosi, 29 Juni
Niliondoka asubuhi kwenda sokoni. Niliporudi bomba halikuwepo. Ukutani yamebaki matundu, moja moja, yanapanda na ngazi, na mahali pake imening'inizwa kamba ya katani mpya kabisa, imefungwa kwenye pete za chuma juu na chini.

Nilimkuta kaka anafagia unga wa ukuta.

"Liko wapi?"

"Nimempa fundi alichukue. Mdogo wangu, usianze."

"Mama atashukaje?"

"Kamba ni imara. Nimeivuta mwenyewe kwa nguvu zote."

"Wewe una nyonga mbili nzima."

"Ni mpaka kibao kipatikane. Wakala anakuja wiki ijayo kukagua. Wiki moja tu, halafu nitaweka kitu kingine."

Mama alikuwa juu, mlango wazi, anasikia yote. Alasiri akatoka, akashika kamba, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kamba ikayumba naye. Ukuta ulikuwa upande wake na bado hakuwa na pa kushika. Akakaa pale pale kwenye ngazi, taratibu, akavuta pumzi kwa muda mrefu. Nikapanda kumshika. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Leo nitakaa juu," alisema. "Kuna hewa."

Jumatatu, 1 Julai
Lazima niseme na mazuri yake. Leo kaka amenifungia paani bomba la kuanikia, refu, limepakwa rangi nyeupe, miguu yake miwili imekaa imara. Alininyooshea tu kidole nikaangalie. Mashuka yanakaa vizuri, hayagusi chini. Nilimshukuru kwa moyo wote. Kasoro yake ni moja, kuna kokoto imebaki ndani, upepo ukivuma bomba likitikisika inabiringika huku na huku, krrr, krrr. Nitaizoea.

Mama hakushuka.

Ijumaa, 5 Julai
Wakala kasema wiki ijayo. Mama hakushuka.

Jumapili, 7 Julai
Leo ndiyo siku ya wageni kukaa na Mama uani. Kaka alipanda kumwita. Nilikuwa nyuma yake na ndoo ya maji ya kuoga, kwa hiyo niliona kila kitu.

"Mama, wageni wanakusubiri."

"Waambie nawasalimu."

"Shuka polepole, mimi nitatangulia chini yako. Kamba ipo."

Mama akamwangalia. "Kamba ni ya ndoo, baba. Mimi si ndoo."

Nilikuwa nadhani Mama ni mnyonge. Miaka yote nimemwona akikubali, chumba kikichukuliwa anakubali, viti vikiondoka anakubali. Leo nimemwona usoni. Huyu mama amegoma.

Meneja akashuka, akafikiri kidogo, akawapandisha wageni juu. Sasa ratiba mpya inasema, "Kumtembelea Bibi chumbani kwake." Wamekaa kitandani kwake. Nilikasirika, lakini mikono yangu ilikuwa na mashuka ya kutandika.

Jumanne, 9 Julai
Mama hakushuka.

Jumatano, 17 Julai
Wakala kasema wiki ijayo.

Jumamosi, 20 Julai
Kazi yangu sasa ni hii: chai juu, maji juu, chakula juu, vyombo chini, ndoo chini. Magoti yangu yameanza kuongea. Kaka naye anabeba, sitamdhulumu, lakini anabeba kama mtu anayelipa faini, haraka haraka, bila kumtazama Mama.

Alfajiri naamka nimechelewa. Hakuna wa kuniamsha.

Alhamisi, 25 Julai
Nilimwambia kaka nitamwita fundi mwenyewe, aweke hata ubao. Akaniomba. Hakufoka, aliomba. "Nivumilie mpaka kibao. Tukikikosa, hii nyumba itaanguka juu ya kichwa cha Mama, na bomba halitaishikilia." Ufa wa ukuta wa nyuma naujua, siku hizi mkono unapita. Nikarudi kwenye mashuka yangu, na fundi sikumwita.

Jumapili, 4 Agosti
Wageni wanampenda Mama. Mmoja amemletea mto wa kuegemea. Mama ameufurahia kweli, anawauliza habari za wajukuu zao. Walipoondoka akaniambia, "Hawa watu wametembea kisiwa kizima kwa siku tatu. Mimi uani sijafika."

Alisema kama utani. Sikucheka, naye hakunitegemea nicheke.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimemkuta kaka amelala juu ya rundo la mashuka machafu, mchana, shati jipya limechanika kwapani, mdomo wazi. Ana mvi ambazo sikuwa nimeziona. Niliyahitaji yale mashuka. Nikafua mengine kwanza.

Jumamosi, 17 Agosti
Upepo mkali. Kokoto ya bombani imeniimbia siku nzima, krrr, krrr, mpaka nikaipigia kelele.

Jumanne, 27 Agosti
Miguu ya Mama imevimba. Anaikanda mwenyewe. Nilipomwambia ainuke tutembee chumbani alizunguka kitanda mara moja akaomba kukaa. Mama huyu Mei alikuwa anashuka ngazi mbili nzima kabla jua halijatoka. Nimepata hofu ambayo sikuwa nayo: kwamba hata bomba likirudi, miguu haitarudi.

Jumapili, 1 Septemba
Leo sijafua kitu.

Wakala alituma ujumbe asubuhi kwamba wakaguzi wanakuja leo na mpiga picha, na picha ya Bibi inatakiwa uani, penye mwanga, si kitandani. Kaka akapanda mbio. Akamwambia Mama atambeba mgongoni.

"Weka bomba," Mama akasema.

"Mama, wako njiani."

"Nilikubeba miezi tisa. Sikukuuliza kama utatoka vizuri kwenye picha."

"Mama, nakuomba. Leo tu. Baada ya leo utaniambia lolote, nitafanya."

Na Mama akakubali. Hili ndilo linaloniuma. Alimwona mwanawe anavyohema, jasho linamtoka, akamhurumia, akamzungushia mikono shingoni. Nilitangulia chini nikitembea kinyumenyume. Kaka alishika kamba kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukamshika Mama. Walivuka zile ngazi za juu vizuri. Kwenye kona kamba ikayumba, ikavutika kuelekea katikati, na kaka akavutika nayo. Akageuza mwili ili aangukie yeye. Wakateleza wote wawili mpaka kwangu, nami nikawapokea kwa kifua, tukakwama watatu kwenye kona kama mizigo ya boti.

Mama akasema, "Mko wazima?" Yeye ndiye aliyeuliza.

Mkono wake umechubuka kuanzia kiwiko, hakuvunjika, muuguzi wa zahanati amemwangalia. Kaka kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Alikuwa analia, si kwa mguu. Alikuwa anasema, "Nisamehe Mama, nisamehe," na Mama anampapasa kichwa, anamwambia basi, basi.

Wakaguzi walifika wakatukuta tumekaa ngazini. Nikawaambia waende, warudi siku nyingine. Sikuongeza bwana wala bibi.

Tumempandisha Mama kwa msaada wa seremala na mwanawe. Amelala.

Jumatatu, 2 Septemba
Kaka hawezi kupanda ngazi kwa miguu. Anapanda kwa makalio, ngazi moja moja, mkono unapapasa ukuta penye matundu. Kila ukifika kwenye tundu unasimama kidogo. Sikumcheka. Nilitaka, nikakosa nguvu.

Jumanne, 3 Septemba
Nilikuwa naanika. Rangi nyeupe ya bomba imeanza kubanduka kwa maji na jua, nikavuta gamba moja kwa kucha, kama mtu anavyochezea kidonda. Chini yake kijani.

Nikabandua tena. Kijani. Nikaenda mpaka kwenye ncha, na pale palikuwa na kizibo cha shaba, kimekazwa. Nikatikisa. Krrr.

Si kokoto. Ni gololi. Ni gololi ya bluu tuliyoigombania mimi na kaka utotoni mpaka akaning'oa nywele nami nikamng'ata bega. Baba aliichukua, akafungua ncha ya bomba la ngazini, akaitumbukiza, akakaza kizibo. "Sasa haina mwenyewe," alisema. Ngazini bomba lilikuwa mshazari, gololi ikatulia chini, tukaisahau. Miezi yote hii nimeisikia, nikaitukana.

Msimu mzima nimeanika mashuka ya wageni kwenye bomba la Mama, na nikamshukuru aliyelifunga.

Nilishuka na ndoo mkononi, sijui kwa nini niliichukua. Kaka alikuwa kwenye ngazi ya chini, mguu kwenye beseni.

"Ulisema umempa fundi."

Hakuuliza nini. "Nilimpa. Akalifikisha nje, nikamfuata nikalichukua. Sikuweza kulitupa. Na siku ile uliyolia..." Akatazama maji ya beseni. "Nilifikiri angalau likufae wewe."

"Ukalipaka rangi."

"Ungelijua."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu paani, na yote yalikuwa ya haki. Nikamwaga maji ya beseni lake uani, nikamwekea mengine ya chumvi, nikakaa ngazini pembeni yake. Sote wawili tulikuwa tumechoka mno, hata kugombana hatukuweza.

Alhamisi, 5 Septemba
Tumelirudisha. Mimi nilishusha, kaka akafunga akiwa amekaa, anasogea ngazi moja moja na bisibisi mdomoni, mtoto wa fundi bomba kweli. Alipofika katikati akasema, "Tulipandishe kidogo? Mtu mzima anainama mno." Akatazama yale matundu, akafunga pale pale.

Tulipoliinamisha, gololi ikateremka mpaka chini, ikagonga kizibo.

"Tuitoe?" akauliza.

"Iache. Bado tunagombana."

Amecheka. Sijamsikia akicheka tangu Mei.

Mama tulimwita aje aone. Akasogea mpaka mlangoni, akaliangalia. Akashika ncha ya juu, akajaribu mguu kwenye ngazi ya kwanza. Goti likakataa. Akarudi kitandani. "Nitaona," alisema. Tulibaki tumesimama, na nilijua kaka anawaza ninalowaza mimi, kwamba tumechelewa.

Jumamosi, 7 Septemba
Wakala amekuja peke yake na kibao ndani ya mfuko, cha shaba, kinang'aa. Aliwaomba wakaguzi wakubali kwa picha za zamani. Kisha akaliona bomba, limebanduliwa rangi nusu, kijani na nyeupe. "Hili limerudi?"

Kaka alikuwa amelishika, ameinama, mguu mmoja hewani. "Limerudi."

"Litatoka lini?"

"Lile kasha ni la juzi. Kamba ni ya juzi. Hili lina umri wa mdogo wangu. Haliondoki."

Wakala akanitazama mimi, labda kuhesabu umri. Akafunga mfuko wake, akasema atatuma ujumbe. Hatatuma. Kaka alikaa mlangoni mpaka jua likazama. Ufa wa ukuta wa nyuma uko pale pale, na wageni waliobaki ni wa wiki hii tu. Nimempelekea chai.

Jumanne, 10 Septemba
Mama anatembea chumbani. Kitanda mara mbili. Hataki kushikwa.

Ijumaa, 13 Septemba
Wageni wa mwisho wameondoka. Kamba ya katani nimeifunga paani, ndiyo ninayoanikia. Inabonyea katikati, mashuka yanagusa vumbi. Nimefua mara mbili. Mwili wote unaniuma, ningeweza kulala mpaka mvua.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimeamka gizagiza sijui kimeniamsha nini. Nikalala macho wazi, nasikiliza.

Ti.

Kimya kirefu, mpaka nikadhani nimeota. Chumba cha pili nikasikia kitanda cha kaka kinalia, kisha hakuna, naye anasikiliza. Nilitaka kutoka mbio nimshike, nikajizuia kwa kushika godoro.

Ti.

Ilimchukua muda wote wa kufifia kwa nyota kufika kwenye kona. Akapumzika. Akaendelea. Alipofika chini nikamsikia anasimama, anapangusa kitu kwa nguo yake.

"Nani kalipaka rangi bomba la watu?" akasema kwa sauti, akijua wazi kwamba wote tuko macho. "Na kiti changu cha plastiki kiko wapi?"

Kaka amekwenda kukileta, mguu mbovu na yote. Mimi nimebandika chai.